Klova ya Vilima Vikavu

Klova nyeupe, mmea wa malisho ya mifugo, inasifiwa sana, lakini kwenye mteremko mkavu haidumu. Mzizi wake mkuu hufa baada ya mwaka mmoja au miwili, na vijizizi vya juujuu vinavyobaki havifikii unyevu. Ipande bondeni.

Mgongoni mwa kilima, penye mvua za majira ya baridi na kiangazi kikavu, chagua Trifolium subterraneum, klova ya msimu mmoja inayofukia mbegu zake yenyewe. Kwanza uliza inachanua lini. Mvua zikikatika mapema, chukua aina ya kuchanua mapema; ya kuchelewa huleta majani mengi, ila hukauka kabla mbegu hazijakomaa na msimu ujao huoni kitu. Ganda gumu la mbegu ni sifa nzuri: huzuia mbegu zote zisiote kwa mvua moja ya kupita. Aina za zamani kama Yarloop na Dinninup ziache kabisa. Zina formononetini nyingi, kemikali ya mmea inayoiga homoni ya kike, na kondoo jike huacha kushika mimba.

Panda kilo 8 hadi 10 kwa hekta, mbegu zikiwa zimepakwa rizobia wa klova hiyo, yaani bakteria wa mizizini wanaoupatia mmea naitrojeni, kina cha sentimita 1 hivi. Ikichanua, punguza mifugo, maana wakila maua wamekula mbegu za mwakani.