Pesimeka ya mzee na ile skani ya PET

Mzee wangu homa ilikuwa inapanda inashuka wiki nzima, ngozi juu ya pesimeka (kile kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo kinachowekwa chini ya ngozi, chenye nyaya zinazoingia moyoni) imekuwa nyekundu kidogo tu, ultrasaundi ya moyo haikuonyesha kitu, sasa hapo unafanyaje kujua kama kifaa kimepata maambukizi, maana kung'oa nyaya zilizokaa miaka ndani ya mishipa sio kazi ndogo kabisa. Ndo akapelekwa skani ya PET, kipimo cha picha kinachoonyesha kitu chenye mionzi ulichochomwa kimekusanyika wapi mwilini. Wanachoma sindano ya sukari iliyounganishwa na florini-18, mionzi yake inapungua nusu kila dakika 110 hivi, na seli nyeupe zinazopigana na bakteria zinaila hiyo sukari kwa pupa, kwa hiyo penye maambukizi panawaka kwenye picha. Shida moyo wenyewe nao unapenda sukari! Ndo maana kabla ya kipimo alikula mafuta na protini tu, wanga hakuna, halafu akafunga masaa mengi, na hapo nilimsimamia kwelikweli maana ukikosea picha inavurugika. Pia kama pesimeka imewekwa majuzi, kidonda kinachopona nacho kinaweza kuwaka. Kwake paliwaka pale chini ya ngozi na kwenye waya mmoja, wakatoa mtambo wote, antibayotiki peke yake mara nyingi haiwamalizi bakteria walioganda juu ya kifaa.