Kilo 31: nilivyofungasha mabegi ya Harbin kutoka Newala

Mjomba wangu alisema nibebe mchele. Naenda China, mjomba anasema nibebe mchele. Akauleta mwenyewe, kilo tano kwenye kiroba, akauweka juu ya begi langu na kusema, "Mpwa wangu, ugenini usitegemee chungu cha watu."

Kwetu Newala mjomba akishasema, wengine wanaitikia tu. Ada alilipa baba tangu nikiwa mdogo, lakini neno la mwisho juu ya mtoto wa dada yake ni la mjomba, na huyu wangu analipenda neno la mwisho kuliko mbunge. Safari yake ndefu ya nje ni Mueda, Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, alikwenda msibani. Ila ushauri wa kusafiri anao gunia zima.

Naandika kwa sababu tangu nirudi likizo haipiti wiki sijaulizwa, "Dada, nibebe nini?" Na nikisikia walichokwisha kuambiwa mtaani, ni yale yale niliyoambiwa mimi, hayajapungua hata moja.

Ilikuwa 2023. Nilipata ufadhili wa serikali ya China kusoma shahada ya uzamili Harbin, kaskazini kabisa, karibu na Urusi. Namna ya kuomba sielezi, imeshaelezwa mno. Pasipoti ni laki moja na nusu, kitambulisho cha NIDA uwe nacho, chanjo ya homa ya manjano uchome, hayo unayajua. Ninachotaka kusema mimi ni laminesheni.

Mwalimu wangu mmoja, Mungu amsamehe, alinishauri nikalamineti vyeti vyote, "visije vikaingia maji." Nikalamineti kuanzia cheti cha kuzaliwa hadi cha kidato cha sita, vikawa vinang'aa kama menyu ya hoteli. Nimefika Dar navyo vigongwe muhuri wa uthibitisho, dada wa dirishani akakishika cha kuzaliwa, akakigeuza mbele, akakigeuza nyuma, akaniuliza taratibu, "Mdogo wangu, muhuri nigonge wapi? Kwenye plastiki?" Nikajaribu kubandua kona moja kwa wembe, karatasi ikatoka na maandishi yake. Ikabidi niombe kingine, nikae kwa shangazi Mbagala karibu wiki mbili nikisubiri, nauli na chakula sijui ziliishia laki mbili au zaidi. Usilamineti kitu. Tia kwenye faili la plastiki, basi.

Fomu ya afya nayo ilinirudisha nyuma. Wachina wana fomu yao ya kupimwa mgeni: damu, eksirei ya kifua, kipimo cha moyo. Pale kwenye picha yako muhuri wa hospitali lazima upite nusu juu ya picha nusu juu ya karatasi. Hospitali niliyopimia waligonga chini kwenye saini ya daktari tu, picha wakaiacha safi. Mimi nami sikuangalia. Niliporudi, mwenye muhuri yuko semina hadi Jumatatu. Na vipimo hivyo mwisho wake miezi sita, kwa hiyo yule anayekuhimiza upime mapema mwezi wa kwanza ili uwe umemaliza, mshukuru halafu usimsikilize.

Hela sasa. Mkulima wa korosho ana hela kuanzia mnada wa Oktoba kwenda mbele. Chuo kinafunguliwa Septemba. Baba ana mikorosho inayomtosha, lakini Agosti mikorosho hiyo ni maua na madeni ya salfa ya kupulizia. Mjomba akaja na suluhisho: tuuze kangomba. Yaani korosho ziuzwe zikiwa bado mtini, kwa mtu wa mtaani, kwa bei ya kutupa, na zaidi ya hapo ni kosa kisheria. Baba, ambaye huwa hambishii shemeji yake, siku hiyo alibisha. Tukauza mbuzi, mama akakopa vikoba, ukoo ukachanga. Nauli ya ndege ilikuwa juu yangu, ufadhili ulilipa ada, bweni na posho ya yuani 3,000 kwa mwezi. Posho yenyewe haikusubiri uwanjani na bango la jina langu. Mpaka nisajiliwe, nifunguliwe akaunti ya benki, wiki zilikwisha pita. Nilikwenda na dola kama mia nne na nilizila zote.

Haya, mabegi.

Tiketi yangu iliruhusu mabegi mawili, kila moja kilo 23, na la mkononi kilo 7. Nyumbani hatuna mizani. Mjomba akasema mizani ya nini, akalinyanyua begi la kwanza kwa mkono mmoja, akalishusha. "Kumi na nane. Mimi nimebeba magunia ya korosho tangu Nyerere yuko madarakani." Mama akaniangalia. Mimi nikaangalia chini. Kulikuwa na mchele humo, unga wa muhogo, sufuria mbili, miche miwili ya sabuni, kinyago cha mpingo alichotoa mjomba kwa ajili ya profesa, na koti. Koti nitalirudia.

Usiku sikulala. Asubuhi nikapata wazo ambalo hadi leo najisifia: ghala la chama cha msingi cha ushirika. Mizani ya korosho! Agosti ghala liko tupu, mna mifuko michache ya salfa na popo, na karani nimesoma naye darasa moja. Nikapakia begi kwenye bodaboda, mjomba akapanda ya pili ili, alivyosema, akashuhudie.

Begi likawekwa. Namba zikacheza kidogo, zikatulia: 31.

Mjomba akainama akasoma. Akaliondoa begi, akalirudisha. 31. "Hii mizani yenu hii!" Karani akacheka hadi akashika ukuta. "Mjomba, kila msimu mnasema mizani inawapunja. Leo imewazidishia, bado inaiba?" Wazee waliokuwa wamekaa chini ya mwembe wakaja kutazama, mmoja akauliza begi hilo linauzwa bei gani kwa kilo. Karani akachana karatasi ya daftari, akaandika kwa mwandiko wake wa kazini: "Korosho ghafi, gredi ya kwanza, kilo 31. Toa gunia, kilo 1."

Ni hilo neno la mwisho lililonifungua macho. Toa gunia. Msimu mzima tunakatwa uzito wa gunia, mimi uzito wa begi sikuwahi kuufikiria! Tukamwaga kila kitu kwenye sakafu ya ghala, sidiria zangu na yote, wazee wakageuka kwa heshima, tukapima begi tupu. Kilo tano kasoro. Begi gumu la magurudumu nililonunua Mtwara mjini kwa elfu tisini hivi, nikijiona wa maana, lilikuwa linakula kilo tano kabla sijatia hata soksi.

Nikaliacha kwa mdogo wangu. Nikanunua shangazi kaja, lile la mistari, halifiki hata kilo moja, bei ya soda kadhaa. Zipu yake haiaminiki, kwa hiyo bibi alinipa shazia yake ya kushonea magunia na uzi wa katani, nikashona mdomo wa begi kama gunia la msimu. Limejaa kilo 22 na nukta. Karani akasema likifika mnadani linapita.

Lakini mchele? Mjomba huwezi kumwambia mchele wako sibebi. Siku ya kuniaga mama akapika pilau. Mjomba alikula sahani mbili, akashushia maji, akasema, "Mchele huu mmetoa wapi? Unachambuka." Mama akamwambia wa dukani. Mpaka leo hajui, na nilipofika Harbin nikakuta mji wa Wuchang uko humo humo kwenye eneo la jiji la Harbin. Wuchang ndiko unakotoka mchele unaosifiwa kuliko yote China nzima. Unga nao vile vile, kaskazini mashariki ya China wanalima mahindi hadi macho yanachoka. Unapata unga wa njano, ugali unakuwa kama dhahabu.

Kinyago nilimwambia ukweli, kwamba mpingo ukiutupa majini unazama na mimi nitazama nao. Akanuna siku moja, ya pili akaleta kidogo cha kiganja. Hicho nilikibeba, na profesa amekiweka mezani kwake.

Tuje kwenye koti. Nililipata mitumba kwa elfu kumi na tano, zito, la manyoya shingoni, kama la polisi wa sinema. Nikalijaribu. Julai alfajiri nilikwenda Shimo la Mungu, pale ukingoni ukungu unapopanda kutoka bondeni, na kwa mtu wa Newala hiyo ni baridi hasa. Nikasimama nusu saa. Nikatoka jasho. Nikarudi nyumbani nikitangaza kwamba Harbin nimeimaliza.

Januari ya Harbin usiku ni hasi ishirini na tano, siku nyingine inazidi. Mto Songhua unaganda, watu wanatembea juu yake na familia zao. Upepo uliingia kwenye koti langu kana kwamba nimevaa chandarua. Nilisimama kituo cha basi dakika kumi nikasikia masikio yanaondoka. Nikanunua jaketi la manyoya ya bata kule kule, jepesi kama mto wa mtoto, na koti la kilo tatu na nusu likawa la kutandika chini ya shuka. Kilo tatu na nusu! Ningeweza kubeba korosho za kukaanga nikazila mwaka. Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni kwamba ndani ya majengo ni joto: mitambo ya jiji inawashwa tarehe 20 Oktoba hadi 20 Aprili, bwenini unakaa na fulana. Nguo zangu za Newala zote zilifanya kazi. Baridi inunulie huko huko, isipokuwa kama una mguu kama wangu. Navaa namba 42. Viatu vya kike vya saizi hiyo madukani kwao niliambulia kuchekewa, nikaishia buti za kiume.

Nilichojutia kutobeba zaidi ni rasta na mafuta ya nywele. Nilichofurahi kubeba ni kanga nne. Pazia la kitanda, taulo, kitambaa cha meza, na siku ya homa unajifunika mbili. Picha za pasipoti zenye mandhari nyeupe nilipiga ishirini na nne Mtwara na zikaisha. Plagi zao si hizi zetu za meno matatu ya mraba, nikabeba adapta moja tu na ekstensheni ya nyumbani: adapta ukutani, ekstensheni kwenye adapta, chumba kizima kikachaji kwangu. Barua ya udahili na fomu ya JW201, ile ya kuombea viza, zikae mkobani unaolala nao, siyo kwenye begi la chini.

WhatsApp kule haifunguki, Google haifunguki. Mama nilimwekea WeChat kabla sijaondoka, nikadhani dakika tano. Kumbe inataka mtu mwingine mwenye akaunti akuthibitishe kwa kuskani, na Newala sikumjua hata mmoja. Mwishoni tulimpata mfanyabiashara Mtwara anayeleta bidhaa kutoka Guangzhou. Akaskani, kisha akamuuzia mama thamosi.

Safari yenyewe: Newala hadi Mnivata vumbi, mama kanifungia ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha, Dar nimefika nafanana na gunia langu. Uwanjani afisa akataka kuona ndani ya shangazi kaja. Nikatoa shazia ya bibi mkobani, nikafumua, akatazama kanga na korosho, akasema sawa. Nikachuchumaa katikati ya foleni nikaanza kushona upya. Watu wakatoa simu. Mzee mmoja nyuma yangu akanielekeza, "Vuta uzi, binti, vuta," ni wazi alikuwa mtu wa kusini. Nilishona vizuri kuliko nilivyoshona nyumbani. Begi likapimwa, 22 na nukta ile ile, karani wa chama hoyee. Kisha nikairudisha shazia mkobani kwa furaha na kwenda nayo ukaguzi wa pili, sindano ya chuma ndefu kama kiganja, ndani ya mkoba wa kupanda nao ndege. Waliichukua. Bibi hakunisema, aliuliza tu kama wenyewe wana magunia ya kushona.

Hela ya korosho ya baba iliingia Novemba, vikoba vikalipwa. Karatasi ya karani ninayo, iko ndani ya pasipoti.

Juzi kijana wa nyumba ya tatu kutoka kwetu kapata chuo India. Mjomba, ambaye siku hizi anajitambulisha kama aliyempeleka mpwa wake China, kaenda kumuaga. Kambebea mchele.