Nilivyoingia fomati ya kati kwa kamera ya mtumba

Nilianza kuitamani fomati ya kati, yaani kamera yenye sensa (kile kipande kinachonasa picha) kubwa kuliko za kawaida, mwaka 2016, Hasselblad walipotangaza kamera yao X1D, na Fujifilm wakafuata na GFX 50S iliyoingia sokoni 2017. Kabla ya hapo kamera za dijitali za fomati ya kati kwa kawaida zilikuwa na kioo ndani, cha kuakisi picha hadi kwenye jicho la mpigaji, na uzito wa tofali. Kioo kilipoondoka, ikawa kitu cha kutia begini. Bei, lakini, haikuwa ya watu kama mimi.

Basi nikasubiri. GFX 50R, nayo ya Fujifilm, ilitoka 2018. Ilipofika 2021 zikaja GFX 100S na GFX 50S II, zote zina kituliza mtikisiko ndani ya mwili (kamera yenyewe bila lenzi), kitu ambacho 50R haina. Wenye 50R wakaanza kuziachia, nami nikauza kamera yangu ya fulu fremu (sensa ya milimita 36 kwa 24) pamoja na lenzi mbili nilizokuwa nabeba kwa mazoea tu. Nikapata mwili mmoja wa 50R na lenzi moja, 63mm. Kabla ya kulipa nilimwomba muuzaji anipigie anga tupu kwa f/16, tundu dogo la lenzi linaloonyesha uchafu wa sensa, na kunitumia faili ghafi, picha isiyochakatwa. Lilionekana doa moja, kama punje ya ulezi. Lilikuwa vumbi tu, likatoka kwa kupulizwa.

Sensa yake ni milimita 43.8 kwa 32.9, eneo kama mara 1.7 ya fulu fremu. Wakongwe wa filamu husema hiyo si fomati ya kati, maana hata fremu ya filamu ya 645, kama sentimita 6 kwa 4.5, ni kubwa zaidi. Wana haki yao. Mimi nilikuwa nimeshalipa.

Kazi ya kwanza ilikuwa picha za mzee mmoja, dirishani. Nilishika kamera mkononi, kasi 1/80 ya sekunde, tundu pana la f/2.8, kama nilivyozoea. Kwenye skrini ya nyuma zilipendeza. Nilipozikuza kwenye kompyuta, kila unywele wa kope ulikuwa na pacha wake, na pale ambapo mkono ulitulia, iliyokolea ni nyusi, jicho limefifia. Megapikseli 51 hazifichi kitu. Ikabidi nimpigie simu, nimwombe arudi. Alirudi na shati lilelile, akasema, "Mwanangu, safari hii nisipumue?"

Tangu siku hiyo, mkononi sishuki chini ya 1/250, na uso naupiga kwa f/5.6, tundu jembamba zaidi, ili nyusi na jicho vyote vikolee. Vitu visivyotembea vinapigwa juu ya tripodi. Kinachoniudhi bado ni flashi: shata (pazia linalofungua na kufunga mwanga) ya GFX inaishia 1/125 ukitumia flashi, wakati Hasselblad, ambayo shata yake imo ndani ya lenzi, inafika 1/2000 hata X1D ile ya kwanza. Kwenye jua kali ninafunga kichujio cheusi cha kupunguza mwanga mbele ya lenzi na kuendelea na kazi.

Halafu kompyuta. Faili ghafi isiyobanwa inapita megabaiti 100, na siku ya kwanza feni ya kompyuta ilinguruma hadi nikadhani inaungua. Sasa nabana faili bila kupoteza ubora, uzito unapungua karibu nusu, na ninafuta takataka usiku huohuo. Nilikuwa napiga picha 600 kwa kazi moja. Siku hizi 80 zinatosha.

Siku hizi zile za megapikseli 102, kama GFX 100S, nazo zinaonekana mitumbani. Nimeshaanza kuchungulia. Kompyuta ndiyo haijakubali.