Gari la Ravana mdomoni mwa ndege

Tangu nianze masomo Kolkata, India, wenzangu hawakuacha kuniambia: nenda kijiji cha Naya ukawaone wachora pat, yale magombo ya picha za visa vinavyoimbwa. Nikaenda Jumapili moja ya Novemba. Treni toka Howrah mpaka Balichak, kisha bajaji iliyonirusharusha hadi mbavu zikauma. Pale Naya karibu kila mtu jina lake la ukoo ni Chitrakar, yaani mchora picha.

Mzee aliyenikaribisha barazani nilimwita chacha, yaani ami, ndivyo wanavyoitana. Alipoona ushungi wangu akanisalimu: Assalaam aleikum. Nikaitikia. Hapohapo akakunjua gombo refu kunishinda, akaanza kuimba habari za Rama na mkewe Sita, wa ule utenzi wa Wahindu uitwao Ramayana.

Mtoto wa Tanga, niliyekulia chuoni kwa maalim, nikabaki kinywa wazi. Kumbe wachoraji wengi wa pale ni Waislamu, na kazi ya mababu zao ilikuwa kuzunguka vijijini na magombo yao, wakiimba visa vya miungu ya Wahindu na kupewa mchele au visenti. Nilimuuliza kama haoni tabu. Akanitazama kama niliyemuuliza kwa nini anakula wali.

Kidole chake kilifuata wimbo, picha baada ya picha. Ilipofika ya ndege Jatayu nikamwomba arudie. Ravana, mfalme wa mazimwi mwenye vichwa kumi, keshamwiba Sita, anatoroka naye garini, na yule ndege mzee kawazibia njia kwa kinywa: gari zima, pamoja na farasi na vile vichwa kumi, limo katikati ya mdomo. Kwa Valmiki, mtunzi wa Ramayana, ndege analivunja gari, habari za kumeza hazimo. Mimi nakipenda zaidi kisa cha Naya.

"Sasa mbona hakumeza, yakaisha?"

"Sita yumo ndani, ma," akasema, akashusha gombo. Picha ya chini, bawa limeshakatwa.

Rangi wanatengeneza wenyewe. Ya manjano ni manjano yaleyale ya kwenye mchuzi, nyeusi ni masizi, buluu wanakamua maua ya aparajita. Zote hukorogwa na ulimbo wa tunda la bel, ndani ya vifuu vya nazi. Vifuu! Nilikaribia kuuliza mbuzi iko wapi nikune.

Nilinunua gombo dogo, la Jatayu peke yake. Bei sisemi, mama anasoma hapa. Nyuma wamebandika kitambaa cha sari kuukuu lisichanike, na ukilielekeza dirishani, maua mekundu ya sari yanajitokeza tumboni mwa ndege.