Siku ya skii Dolomiti ianze kupangwa tukiwa bado Malindi

Siku ya mlimani hupangwa kuanzia saa ya kurudi. Hilo huwaambia ndugu zangu kila wanapotaja kuja kuteleza kwenye theluji kwa skii, yale mabao marefu yanayofungwa miguuni, na safari hii nimepata kulisema ana kwa ana kwa sababu sote tumo Malindi. Hoteli ninayofanyia kazi Val di Fassa, bonde la milima ya Dolomiti kaskazini mwa Italia, hufungwa baina ya msimu wa kiangazi na msimu wa theluji, nami nimekuja kwa harusi. Mdogo wangu ametoka Verona, mwana wa shangazi ametoka Brescia, miji ya hukohuko Italia. Usiku baada ya Isha tunakaa barazani Shela na kahawa, na mazungumzo hayakawii kufika Januari.

Mtu wa Malindi hana haja ya kuelezwa Waitaliano ni nani. Kuna vijana hapa wanaosema Kiitaliano kizuri na hawajawahi kutoka Kilifi. Ila Waitaliano wanaotujia Desemba wanaikimbia baridi, kwa hiyo hawatuhadithii sana habari za wenzao wanaoifuata milimani siku hizohizo.

Eneo lenyewe ni kubwa mno. Dolomiti Superski ni muungano wa maeneo 12 ya skii ulioanza mwaka 1974. Kadi moja inakufungulia lifti zote, yaani vile viti na vyumba vya kamba za chuma vinavyopandisha watu mlimani, na njia za kuteleza zikijumlishwa ni kilomita 1,200. Mgeni akisikia hesabu hiyo hutaka aone kila kitu, naye ana siku moja tu. Chagua jambo moja.

Mwana wa shangazi amechagua Sellaronda, na sikumlaumu. Ni mzunguko wa kulizingira jabali la Sella, ukipanda kwa lifti na kushuka kwa skii, katika mabonde manne na mapito manne ya mlimani: Sella, Gardena, Campolongo na Pordoi. Mzunguko mzima ni kama kilomita 40, na kati ya hizo kuteleza kwenyewe ni kama 26. Vibao vya rangi ya chungwa vinakuzungusha kwa mwelekeo wa mshale wa saa, vya kijani vinakuzungusha kinyume. Anayeteleza wastani hutumia saa tano hadi sita pamoja na kukaa kwenye lifti. Inashauriwa uwe umeshaanza kabla ya saa nne asubuhi na uwe umelivuka pito la mwisho kabla ya saa tisa na nusu mchana. (Saa zote nazitaja kwa hesabu ya kwetu.)

Saa tisa na nusu si ya kuchezewa. Lifti hufungwa jioni, na ukiachwa Corvara, mji wa upande wa pili, ilhali gari lako liko Canazei kwenye bonde letu la Fassa, basi jabali zima liko baina yako na gari. Barabara inapanda mapito yaleyale, kona juu ya kona, usiku, na teksi ya safari hiyo itakula pesa nyingi. Nimewaona wageni wa hoteli wakiingia saa tatu usiku, watoto wamechoka hata kulia hawawezi.

Ami yangu alikuwa amekaa pembeni akisikiliza. Ni nahodha mstaafu, theluji hajaiona maishani. Akauliza, "Maji yenu yanakupwa saa ngapi?" Nikamjibu saa tisa na nusu. "Na nusu ya safari ni wapi?" Corvara. "Basi wekeni saa ya Corvara. Ikipita hamjafika, geuzeni chombo." Kwa kweli huo ndio mpango mzima. Tukaandika: tunaanza Canazei saa tatu asubuhi na vibao vya chungwa, tupite mji wa Selva, na ikigonga saa sita na nusu hatujaona Corvara, tunashika vibao vya kijani turudi tulikotoka. Hakuna kubishana huko juu. Uamuzi umeshafanywa hapa, watu wakiwa na akili zao na miguu yao haijachoka.

Na siku zenyewe ni fupi, jambo ambalo mtu wa pwani huchelewa kulizoea. Kwetu Magharibi haisogei sana mwaka mzima. Kule katikati ya Januari Adhuhuri inaingia kama saa sita na dakika ishirini, Alasiri saa nane na nusu, na Magharibi kabla ya saa kumi na moja jioni. Hata kabla jua halijatua, majabali yanalificha na theluji iliyolainika mchana inaanza kuwa barafu. Shangazi aliuliza kuhusu sala kabla ya kuuliza kuhusu hatari, nikafurahi. Watoka Verona na Brescia ni wasafiri, watakusanya Adhuhuri na Alasiri tukipumzika Corvara. Kuvua viatu vile na kuvivaa tena kunakula muda, kwa hiyo muda huo nao tumeuandika.

Mdogo wangu hajawahi kukanyaga skii, naye hatakuja Sellaronda. Hapa nilikuwa mkali. Italia njia za samawati ni rahisi, nyekundu ni za wastani, nyeusi ni ngumu, na mzunguko ule una nyekundu nyingi. Mwanafunzi ukimpeleka huko kwa kumwambia "tutakusaidia", unamfundisha kuogopa tu, na unawaharibia siku wote. Yeye ataingia darasani asubuhi, ajifunze kusimama na kukata kona kwenye uwanja wa wanafunzi, halafu mchana ashuke njia za samawati kwa raha yake. Na funguo za gari zitakaa kwake, kwa kuwa ndiye atakayebaki karibu.

Viatu sasa. Ningekuwa na dakika tano tu za kumshauri mtu, ningezitumia zote kwenye viatu. Vikodishe jioni ya kuamkia siku yenyewe, maana asubuhi dukani kuna foleni na haraka. Vaa soksi moja, nyembamba na ndefu hadi chini ya goti. Watu wetu huvaa mbili au tatu kwa kuogopa baridi, matokeo yake mguu unabanwa, damu haipiti, na vidole vinakufa ganzi zaidi. Suruali ya ndani isiingie kiatuni hata mkunjo mmoja, kwa sababu mkunjo huo utakukata muundi kutwa. Ukisimama wima, vidole viguse kidogo mbele. Piga kisigino chini kirudi nyuma, funga vishikizo vya juu, kunja magoti, na vidole virudi nyuma viache kugusa. Kisigino kikinyanyuka ndani, kiatu ni kikubwa, hata kama unakiona kizuri kwa kuwa hakiumi. Rudisha. Rudisha mara tatu ikibidi, fundi wa duka hachukii.

Fundi huyo atakuuliza uzito, urefu, umri na kama unajua kuteleza. Mjibu kweli. Kwa majibu hayo anakaza kile kifungo kinachoshika kiatu kwenye skii, ambacho kinatakiwa kiachie unapoanguka vibaya. Anayejifanya hodari anakaziwa zaidi, na siku ya kuanguka skii inabaki mguuni na goti ndilo linalozunguka.

Karatasi ni mbili tatu tu lakini ni sheria. Tangu 1 Januari 2022, kila anayeteleza kwenye njia za Italia lazima awe na bima ya madhara anayoweza kumfanyia mtu mwingine. Usipokuwa nayo unaweza kuinunua ya siku unaponunua kadi. Helmeti ilikuwa lazima kwa walio chini ya miaka 18, na kuanzia msimu wa 2025/2026 ni lazima kwa wote. Kadi ya lifti iweke mfuko wa kushoto peke yake, mbali na simu, geti litaisoma lenyewe. Nambari ya dharura ni 112. Na kanuni kubwa ya njiani ni kwamba aliye chini yako ana haki. Wewe uliye juu ndiye wa kumkwepa, kwa sababu yeye hakuoni.

Mavazi nitayapita haraka: tabaka nyepesi mbili tatu, koti lisiloingiza maji, glavu. Miwani usiiache. Theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya miale mikali ya jua, na macho huungua. Ngozi pia, hata zetu, kwa hiyo mafuta ya jua yapakwe usoni na chini ya kidevu.

Chakula kinahitaji jicho. Vibanda vya mlimani vinapika vizuri sana, lakini nyama ya nguruwe iliyokaushwa, ile waiitayo speck, inaingia mahali usipoidhania. Supu ya shayiri inaonekana haina lawama na mara nyingi imo. Canederli, yale madonge ya mkate, uliza ya mchicha au ya jibini, na uulize pia kama speck haimo. Kaiserschmarrn ni chapati nene ya mayai iliyochanwachanwa, na jamu pembeni, tamu kwelikweli, ila kuna wapishi wanaoloweka zabibu kwenye ramu. Waulize, watakwambia bila kinyongo. Mimi hubeba tende na maji mfukoni. Kwenye baridi mtu hasikii kiu, anajikuta tu kichwa kinauma.

Tarehe tumechagua Jumamosi ya katikati ya Januari. Sikukuu ya Epifania, 6 Januari, ikishapita, bei zinashuka na watu wanapungua. Jumamosi ndiyo siku wageni wengi wa hoteli wanaondoka na wengine kuingia, kwa hiyo wao wako barabarani na njia za skii zina nafasi. Mdogo wangu na mwana wa shangazi watatangulia Ijumaa, kwa sababu barabara kuu ya A22 nayo Jumamosi hujaa. Gari liwe na matairi ya baridi au minyororo. Kuanzia katikati ya Novemba ni lazima.

Mwana wa shangazi bado ananiuliza kama tukifika Arabba, mji unaofuata baada ya Corvara, mapema tunaweza kupenya hadi Marmolada, mlima mrefu kuliko yote ya Dolomiti, mita 3,343. Kutoka Arabba lifti zinafika. Jibu langu ni hapana, si siku hiyo. Kupanda na kurudi kutakula saa zile tulizoziweka kwa ajili ya pito la Pordoi, na mdogo wangu atakuwa Canazei na funguo mkononi akitusubiri. Akitaka Marmolada aombe ruhusa ya siku ya pili kazini, na tuianze asubuhi kutoka Malga Ciapela, chini ya mlima wenyewe.