Balbu ya wati 24

Ilikuwa balbu ndogo ya taa ya gari, imeandikwa kwenye kitako 12V 24W. Mwalimu wetu wa fizikia aliiweka mezani akauliza ukinzani wake, yaani jinsi inavyouzuia mkondo wa umeme, ni omu ngapi, bila kuipima.

Hesabu haikutusumbua. Wati ni volti mara ampia, kwa hiyo 24 gawanya kwa 12 ni ampia 2. Omu ni volti gawanya kwa ampia: 12 kwa 2, omu 6. Mwenzangu wa mezani akahakiki kwa njia ya pili, kipeo cha pili cha volti gawanya kwa wati, 144 kwa 24. Sita tena.

"Vema," Mwalimu akasema, akatupatia multimita, kifaa cha kupimia umeme na ukinzani. "Sasa ipimeni."

Ikasoma nusu omu.

"Mwalimu, kifaa hiki kibovu," mwenzangu akasema.

"Kifaa kizima. Na hesabu yenu pia ni sahihi."

Jibu hilo lilinikosesha utulivu kabisa. Omu sita kwa hesabu, nusu omu kwa kipimo, zote za balbu ileile! Tukaunga sakiti: amita kwenye njia ya mkondo, voltimita sambamba na balbu, na riostati ya kupandisha volti polepole. Kwenye volti 3, amita ikasoma 0.9, yaani omu 3.3. Kwenye volti 6, ampia 1.4, omu 4.3. Kwenye volti 12, ampia 2 kamili. Omu 6 zilikuwa zikizaliwa mbele ya macho yetu, kadiri waya wa tungsteni ulivyozidi kung'aa. Waya huo ukifanya kazi hupita nyuzi 2,000 za Selsiasi. Atomi zake hutetemeka kwa nguvu na kuzuia elektroni zisipite kwa urahisi. Multimita hupitisha mkondo mdogo mno, haiwezi kuupasha moto, ndiyo maana ilituonyesha balbu iliyolala.

Kisha tukaweka rezista, kipande kilichotengenezwa kiwe na ukinzani maalumu, ya omu 6 mahali pa balbu. Volti 3, ampia 0.5, volti 6, ampia 1, mstari wa grafu ukanyooka. Hapo ndipo nilipoelewa mwanafizikia Mjerumani Georg Ohm alidai nini mwaka 1827. Kugawanya volti kwa ampia kunawezekana kwa kitu chochote, na jibu ni ukinzani wa wakati ule. Dai lake ni kwamba waya wa metali, joto lake lisipobadilika, hutoa jibu lilelile kila mara. Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa, na vitabu vingi hulipita mbio.

Mwenzangu akauliza: "Na pale unapowasha tu, waya ukiwa bado baridi?"

Volti 12 kwa nusu omu: ampia 24, wati 288, kwa kitambo kifupi kuliko kufumba jicho. Si ajabu balbu nyingi hukatika zinapowashwa. Lakini Mwalimu akatuzuia: betri na nyaya nazo zina ukinzani. Tukaondoa riostati, tukasoma voltimita kabla ya kurudisha balbu mahali pake, 12.6, na balbu ilipowaka ikatulia, 12.2. Volti 0.4 zilizopotea, gawanya kwa ampia 2, ni omu 0.2. Ukiongeza nusu omu ya balbu baridi unapata 0.7, na mkondo wa kuwashia, 12.6 gawanya kwa 0.7, unashuka hadi ampia 18.