Siku moja maishani mwangu: kusikiliza kimya, Langoni, Lamu

Saa kumi alfajiri. Naamka kabla ya adhana, na si kwa ucha Mungu peke yake. Hii ndiyo saa ambayo punda wa mtaani wamelala, maboti ya Mokowe hayajawashwa injini, na mimi naweza kusikia vizuri. Kazi yangu ni kuandika manukuu ya Kiswahili kwenye tamthilia za Kiingereza, hasa yale ya viziwi. Mbali na maneno ya waigizaji, naandika mlango uliobamizwa, simu inayoita, kicheko cha chumba cha pili. Na kimya pia naandika. Mwigizaji akigeuza kisogo, asiyesikia atajuaje kama amenyamaza au ananong'ona?

Saa kumi na moja na nusu. Swala, chai, mahamri mawili ya jana. Nanunua bando, faili linashuka polepole.

Saa moja hadi saa tatu. Dakika kumi na moja za kipindi zimekwisha. Ndugu wanagombea nyumba ya urithi, basi. Mistari miwili kwa skrini, herufi 42 kila mstari, na nafasi zinahesabiwa.

Saa tatu na robo. Hodi. Ni jirani, mama wa makamo, na ungo wa mchele mkononi.

"Mwanangu, nimeona umekaa tu, nikasema nikuletee unichagulie. Leo nina wageni."

"Shikamoo mama. Niko kazini."

Akatazama skrini. Mwanamke wa Kizungu analia jikoni. "Kazini," akasema, kwa upole ule wa kumjibu mgonjwa wa homa. Mwaka wa nne huu namweleza. Mimi kwake hulipwa kwa kutazama sinema. Ungo ukabaki kwangu.

Saa nne. Hapa ndipo siku ilipoharibika. Umeingia mrejesho wa mhakiki, mtu wa mbali nisiyewahi kumwona sura. Kiswahili chake ni kizuri, nasema haki. Lakini kipindi cha wiki iliyopita amekipiga wino mwekundu mahali kumi na nane, na maoni ni yale yale: tumia neno moja. Kwenye orodha yake ya istilahi ameyapanga "quiet", "hushed", "muted" na "muffled", na mbele ya yote manne ameandika "sauti ya chini".

Chai ikapoa.

Nikaanza kumjibu. "Hush", ndugu yangu, litamke mwenyewe. Linaishia kwenye shii, kidole kiko mdomoni tayari. Watu wenye "hushed voices" wamepunguza sauti kwa kutaka, kwa sababu kuna maiti ndani au kuna siri. Hata pesa za kumfunga mtu mdomo Mwingereza huziita "hush money". Nikiandika "sauti ya chini" nimefuta siri yote. Mimi niliandika "wananong'onezana".

"Quiet" asili yake ni Kilatini, neno la kupumzika. Hilo huwa nalitafsiri "tulivu", na barabara ya usiku ikiitwa hivyo naandika "kumetulia". "Mute" ni msumbufu zaidi. Kitufe cha rimoti chenye jina hilo hukata sauti yote, lakini "muted applause" bado ni makofi, unayasikia, ila ni makofi ya shingo upande. Niliandika hivyo hivyo, makofi ya shingo upande, na hadi leo najivunia.

Sasa "muffled". Hili halihusiani na chini wala juu. Ni sauti iliyofunikwa. "Muffle" ni kufunga gubigubi. "Muffler" kwa Mwingereza ni skafu ya shingoni, kwa Mmarekani ni salensa ya gari. (Sisi salensa tuliipata kwa Mwingereza, aliyeiita "silencer", kisha vijana wa bodaboda wakaikata ili isinyamazishe kitu.) Dakika ya kumi na nne ya kipindi kile kuna mtu ametekwa. Yumo ndani ya buti la gari, kitambaa mdomoni, anapiga ukelele hadi mishipa ya shingo imesimama. Mimi niliandika "ukelele uliozibwa". Mhakiki anataka niandike: "Anaongea kwa sauti ya chini."

Kiziwi akisoma hivyo ataona jamaa ana adabu sana, hata ndani ya buti.

Jibu likarudi baada ya dakika ishirini. Eti "kuzibwa" ni neno la mabomba ya maji, na mteja anapenda manukuu yanayofanana. Nikasimama. Nikachukua ungo, nikapanda juu kwa bibi, maana hasira na mchele vinakwenda pamoja.

"Bibi, mtu akipiga ukelele na amewekewa mto mdomoni, utasema anafanyaje?"

"Ni nani alomtia mto?"

"Mfano tu, bibi."

"Mimi nitasema mwondoleeni mto." Akatoa kijiwe, akakiweka kando ya mkeka. Tukachagua kimya kimya. Halafu, bila kuinua kichwa: "Ukelele wamfia mdomoni, maskini."

Nikashuka ngazi mbili mbili.

Baada ya adhuhuri stima ikakatika. Sijui ilikuwa saa ngapi, kompyuta ilikuwa asilimia 38. Kuta zetu za mawe ya matumbawe ni nene, lakini dirisha ukilifunga unaiva, ukilifungua kichochoro chote kinaingia: "Simila! Simila!", punda wa mchanga wanapita, mmoja akasimama chini yangu hasa akaanza kulia. Nami nilikuwa natafuta pumzi. Pumzi moja, ambayo mama anaivuta kabla ya kusema jina la mwanawe. Niliirudia mara tisa. Masikio yakauma kwa zile spika za masikioni, mgongo ukauma, alasiri ikapita nimelala sakafuni, kompyuta kifuani, nasikiliza mwanamke asiyesema kitu.

Magharibi karibu, kikaja kipande cha theluji. Mtu anatembea usiku na theluji inameza hatua zake. Sijapata kuiona theluji. Lakini vilima vya mchanga vya Shela navijua, nimevipanda nikiwa mtoto, na najua unavyotembea na mwenzako ukageuka ukamkuta hayupo nyuma yako, hukusikia hata alipobaki. Nikaandika: "Hatua zinafia thelujini." Herufi 24, na nukta ndani. Nilikaa nikaitazama kidogo.

Stima ilirudi baada ya isha. Nikatuma vipindi vyote viwili, na kwenye mstari ule wa buti niliandika: "Ukelele unamfia mdomoni." Nikaambatanisha maelezo ya aya tatu, kisha nikafuta mbili.

Jibu: "Sawa, huu upite. Makofi ya shingo upande yarudishe kwenye 'makofi hafifu'. Kesho kipindi cha tisa, kina muziki mwingi."

Jirani akaleta sahani kubwa ya wali, na samaki juu. Akasimama mlangoni akinitazama nikila.

"Una jiwe?"

"Hauna, mama."

"Basi kesho nitakuletea na choroko," akasema, "maadamu upo tu."